Kutoka Bango la Krismasi hadi Siwa ya Pujini

London

Bango la pantomimu ya Krismasi lilikuwa karatasi ya kubandikwa ukutani, kazi yake kuwaita watu kwenye mchezo wa msimu mmoja tu wa mwaka. Mchezo wenyewe ulifunguliwa kwa desturi tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Krismasi, ukaendelea wiki kadhaa mradi watazamaji wapo. Zama zake kuu ni za Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. Mabango mengi ya zama hizo yalilowa, yakararuka au yakafunikwa na mengine. Yaliyosalia sasa ni vitu vya makumbusho, na hazina kubwa iko kwenye Makumbusho ya Victoria na Albert, London. Safari inayosimuliwa hapa ilianzia huko, siku ya baridi na manyunyu, na ikatoka na swali ambalo halikupata jibu mpaka Pujini, kisiwani Pemba: pasipo na kuta za kubandika karatasi, watu huitwa vipi kwenye mchezo wa sikukuu?

Mabango ya miaka ya mwanzo hayana picha. Ni karatasi ndefu nyembamba iliyojaa herufi nyeusi toka juu hadi chini, nyingine zimechongwa kwa mti, nyingine zimemiminwa kwa risasi, nene kwa nyembamba, kila mstari na umbo lake. Juu kabisa pana jina la ukumbi. Chini yake jina la mchezo, refu la kumaliza pumzi, kwa sababu lilianza na Harlequin, yule mchekeshaji wa nguo za viraka, likaendelea na shujaa wa ngano, mara jini, mara mfalme wa nchi isiyokuwepo. Halafu zinakuja mandhari: pango, kasri, chini ya bahari, msitu wa theluji, na jina la mchoraji wa mapazia limepewa nafasi ya heshima. Mwisho kabisa saa ya kufungua milango na bei za viti, kuanzia vyumba vya matajiri hadi roshani ya juu walikorundikana wenye senti chache. Kuna pia mkono mdogo uliochapwa pembeni, kidole kimenyooshwa, unaoelekeza jicho kwenye jambo ambalo mwenye ukumbi hakutaka lipitwe. Mkono huo ni kama mtu aliyesimama njiani akisema, "Hapa, hapa!"

Sababu ya kujisifu hivyo ni ushindani. Kabla ya sheria ya mwaka 1843, kumbi mbili kubwa za London, Drury Lane na Covent Garden, ndizo zilizokuwa na haki ya kucheza tamthilia za maneno karibu mwaka mzima. Nyingine zilibaki na nyimbo, miziki na ishara. Sheria ilipofungua mlango, kila ukumbi ukawa na pantomimu yake inayosema na kufanya mzaha, na kila mzaha ukahitaji karatasi yake. Kodi ya matangazo ilifutwa mwaka 1853, ushuru wa karatasi ukafutwa mwaka 1861. Karatasi ikawa rahisi, kuta zikavaa. Wabandikaji walizunguka na ndoo ya gundi na brashi ndefu, wakibandika juu ya kazi ya wenzao waliopita saa moja nyuma. Mwaka 1851 Charles Dickens aliona jambo hilo linastahili makala nzima, akaliandikia kwenye jarida lake.

Rangi ilikuja kwa jiwe. Mchoraji alichora kinyumenyume kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe laini la chokaa. Jiwe likaloweshwa maji, wino ukashika penye mafuta tu. Kila rangi ilitaka kupita kwake mashineni na jiwe lake, na bango kubwa lilichapwa vipande vipande, likaunganishwa juu ya ukuta. Ndipo jicho la mpita njia lilipopata kitu cha kulisimamisha: paka aliyevaa viatu, mjane mwenye miguu ya mwanamume, kijana shujaa ambaye kwa kweli ni binti mwenye mapaja. Katika pantomimu mama mtu mzima huchezwa na mwanamume na kijana mpenzi huchezwa na mwanamke, na bango halikuficha hilo hata kidogo; lilikuwa nusu ya kivutio.

Aliyeisukuma pantomimu mbele kuliko wote ni Augustus Harris, aliyeishika Drury Lane mwaka 1879 akakaa nayo hadi alipofariki mwaka 1896. Kwake pantomimu ikawa gwaride. Mwaka 1886 aliandaa Wezi Arobaini, na kila mwizi akatoka jukwaani na wafuasi wake. Mwaka 1887 ikawa zamu ya Paka Mwenye Viatu. Mwaka 1888 akaja Dan Leno, mfupi, mwembamba, na sura yake ikawa tangazo tosha.

Msomaji wa pwani akiyasoma majina ya michezo hiyo hujikuta nyumbani. Aladini, Ali Baba, Sindbad baharia: sehemu ya msimu wa Krismasi wa Waingereza ilikuwa imekopwa kwenye Alfu Lela u Lela. Walikopa na kuchezea. Mama yake Aladini alipewa jina la Mjane Twankey katika mchezo wa H. J. Byron wa mwaka 1861, na Twankay ilikuwa aina ya majani ya chai ya Kichina. Bibi wa watu akaitwa chai.

Mkunazini

Kituo cha pili kilikuwa Unguja, mtaa wa Mkunazini, kwenye kanisa la mawe lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo. Aliyesimamia ujenzi, Askofu Edward Steere, amezikwa humo nyuma ya madhabahu. Wageni wengi huonyeshwa vyumba vya chini vya watumwa wakatoka kimya, na ndivyo inavyopasa. Lakini Steere ana upande mwingine unaohusu masimulizi haya: alikuwa mkusanyaji wa hadithi. Mwaka 1870 alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza wa pili.

Mojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja, Haamdani, anaishi kwa kuchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumni, ananunua paa, na paa anasema. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani kama zawadi ya bwana wake, anamposea binti, anadanganya kwamba bwana amevuliwa nguo njiani na wanyang'anyi, kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kumrithisha bwana wake jumba. Anayeijua ngano ya Paka Mwenye Viatu anaitambua hapo hapo. Mnyama msemaji, bwana asiye na kitu, uongo wa nguo zilizoibwa, jumba la dubwana: ni mifupa ileile, nyama tu ndiyo tofauti.

Tofauti inaingia mwishoni, na kwa maoni ya mwandishi wa masimulizi haya mwisho wa Unguja ni bora mara kumi. Paka wa London anamaliza kwa shangwe, fataki na pazia la dhahabu. Paa wa Unguja anaugua, bwana aliyemtajirisha anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, na akifa anatupwa kisimani. Usiku Haamdani analala kitandani mwa kifalme; asubuhi anaamka jaani, anachakura. Hakuna mwenye ukumbi ambaye angethubutu kuweka hilo kwenye bango la Krismasi. Hadithi hiyo haikuhitaji bango. Ilihitaji bibi, giza na watoto wanaojua kwamba bibi akisema "Paukwa" wajibu ni wao.

Karatasi za kuita watu zilikuja Unguja kwa njia ya sinema. Royal Theatre ilifunguliwa mwaka 1921, zikafuata nyingine, na mabango ya filamu za Misri, Bombay na Marekani yakapata kuta za Mji Mkongwe. Siku za Idd watu walifurika. Idd ndiyo Krismasi ya pwani kwa maana hii: nguo mpya, watoto wenye vijisenti vya mkono wa Idd, na kila mwenye kitu cha kuonyesha akingojea vijisenti hivyo.

Mkoani

Boti ilitia nanga Mkoani jua likiwa limeshakuwa kali. Pemba haifanani na Unguja. Unguja ni tambarare, Pemba ni vilima na mabonde, kilima kina mikarafuu na bonde lina mpunga, na barabara inapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Waarabu wa kale waliiita Kisiwa cha Kijani, na hakuna aliyepata sababu ya kubadili.

Pembezoni mwa barabara majamvi yalikuwa yametandazwa, karafuu juu yake zikianikwa. Kwa karibu karafuu mbichi ni nyekundu kwa kijani, kichwa mfano wa kifungo. Baada ya siku chache za jua inageuka kahawia, ngumu, na ukiibana kwa kucha inatoa mafuta. Mwanamke mmoja alikuwa akizipindua kwa mguu, taratibu, akitembea juu ya jamvi kama anayetafuta sindano. Wingu lilipojikusanya aliita mara moja tu, na watoto wanne wakatokea wasikojulikana, kila mmoja akashika pembe ya jamvi.

Harufu hiyo ilifika mbali. Karafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliivunja mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza, ambayo haijaiachia. Kwa hiyo jikoni mwa Waingereza, mwezi ule ule wa Desemba mabango yalipokuwa yakikauka ukutani, karafuu iliyochomekwa kwenye nyama ya sikukuu au kusagwa kwenye keki yake huenda ilitoka kwenye mojawapo ya vilima hivi. Walioichuma walikuwa watumwa. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwezi Aprili 1897, karibu miaka 10 baada ya paka wa Drury Lane kuvaa viatu vyake.

Chakula cha usiku Mkoani kilikuwa muhogo wa nazi na pweza. Hakuna la kuongeza.

Chake Chake

Mji huu umekaa juu ya kilima, mkono wa bahari ukiingia chini yake upande wa magharibi. Ngome ya zamani imefanywa makumbusho, ndogo, safi, yenye mpangilio mzuri kuliko nyingi kubwa. Humo mgeni anapata picha ya kisiwa: vyombo vya bahari, magofu, watawala, dawa za miti. Anayekwenda Pujini apitie hapa kwanza, maana Pujini kwenyewe mawe hayajielezi.

Soko linaanza mapema. Halua iko, ingawa watu wa Wete watasema ya kwao ndiyo halua. Mikate ya mofa inatoka motoni ikiwa na alama za moshi, na mabungo yakiwa katika msimu hutoa juisi yenye ukali wa kukunja uso.

Matangazo ya mjini hapa hupita kwa gurudumu. Gari dogo lenye vipaza sauti viwili juu linazunguka polepole, muziki kwanza, kisha sauti ya mtu anayesema upesi: taarabu siku fulani, mpira siku fulani, mkutano, mnada, msiba. Kabla ya gari palikuwa na mbiu, pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti, na mgongaji akapita mitaani akisema jambo lake kila kona. Wahenga waliiwekea methali, la mgambo likilia kuna jambo, na methali hiyo ina kanuni moja ambayo Harris na wabandikaji wake hawakuijua: mbiu haitangazi jambo mara ya kwanza inapolia, inamfanya mtu atoke nje akaulize.

Siku za Idd mji mzima huelekea uwanja wa Tibirinzi. Watoto hutawala: magauni ya vimetameta, miwani ya jua ya plastiki, baluni, askrimu inayoyeyuka kabla haijalipwa. Hakuna bango linalowaambia waende. Kalenda ya mwezi inatosha, na mwezi wenyewe huangaliwa angani na kila mwenye macho.

Pemba nayo ina michezo yake ya jukwaa, isipokuwa jukwaa ni ardhi. Kibati ni wa hapa: ngoma hupigwa kwa kasi, wachezaji wawili wakajibizana maneno ya papo kwa papo, wakachokozana, wakasemana, na kundi likaingia na wimbo pale mmoja anapozidiwa. Mwenye kuijua pantomimu atauona udugu, kwani nayo iliishi kwa mizaha ya mambo ya mwaka ule, ya bei, ya wakubwa, ya mtaa. Msewe nao umepata jina kutokana na njuga za majani makavu zinazofungwa miguuni, zikilia kwa kila hatua, kiasi kwamba mchezaji ndiye tangazo la mchezo wake mwenyewe.

Jambo moja la kuchekesha kidogo katika historia ya mji huu ni aina ya Waingereza waliofika humo. Mwaka 1897 walifika Marafiki, wale wanaoitwa Wakweka, wakaanzisha kazi yao Banani karibu na Chake Chake ili kuwasaidia watumwa walioachwa huru. Wakweka kwa jadi hawakuadhimisha Krismasi na waliuona ukumbi wa michezo kuwa upuuzi. Kwa hiyo kati ya Waingereza wote ambao wangeweza kuileta pantomimu Pemba, walikuja hasa wale wasiotaka hata kuisikia.

Pujini

Pujini iko kusini mashariki ya Chake Chake, kama kilomita 10, upande ambao bahari inaingia kwenye mikoko. Njia inaacha vilima nyuma. Ardhi inalala, minazi inatanuka, mashamba ya mpunga yanafuata mabonde hadi karibu na maji. Asubuhi ya siku ya nne kulikuwa na ukungu mwembamba na sauti za kunguru tu. Kwenye kibaraza cha nyumba ya njiani alikaa mzee akisuka kamba ya makumbi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wenda kwa Mkama Ndume?"

Ndivyo watu wanavyosema. Hawasemi kwenye magofu. Husema kwa Mkama Ndume, kama kwamba mwenye nyumba yumo na atafungua.

Jina lake la kuzaliwa linatajwa kuwa Mohammed bin Abdulrahman. Mkama Ndume ni la kupewa: kukama ni kukamua maziwa, na huyu aliwakama wanaume. Inasimuliwa kwamba watumishi wake walibeba mawe ya kujengea kichwani huku wakijiburuza kwa makalio, wasiruhusiwe kusimama. Inasimuliwa pia kwamba alikuwa na wake wawili wasiopatana, akawachimbia kisima kimoja chenye ukuta katikati. Mmoja alishuka kwa ngazi na mtungi wake, mwingine akavuta maji kwa ndoo na kamba, wasikutane hata kwa kivuli. Kisima kipo. Ukitazama chini, ngazi upande mmoja, shimo wima upande wa pili, ni vigumu kusema kama hadithi ndiyo iliyokieleza kisima au kisima ndicho kilichozaa hadithi.

Boma lenyewe ni la karne ya 15, kabla meli za Wareno hazijafika pwani hii mwaka 1498. Limezungukwa na tuta la udongo na ukuta wa mawe, jambo lisilo la kawaida kwa miji ya Waswahili wa wakati ule, na upande wa bahari kuna mfereji ulioruhusu chombo kusogea karibu. Francis Pearce, aliyekuwa Mwingereza mkuu wa Unguja, aliyaandika magofu haya katika kitabu chake cha mwaka 1920, na alivutiwa zaidi na ukatili wa mwenye boma. Mwanaakiolojia Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia alikuja kuchimba katika miaka ya 1980 na 1990, akaonyesha kwamba nyuma ya jina la mtawala katili kulikuwa na nyumba ya tajiri wa biashara ya bahari, yenye vyombo kutoka mbali. Katili na tajiri wanaweza kuwa mtu mmoja, na mara nyingi ndivyo ilivyo.

Leo tuta limefunikwa na miti. Mizizi imeshika mawe, na anayetembea bila kuelekezwa atapita juu ya ukuta akidhani ni kichuguu. Kaskazini ya kisiwa, Chwaka karibu na Tumbe, kuna msikiti na kaburi la Haruni, anayesimuliwa kuwa mwanawe. Kule mawe yamesimama vizuri zaidi na watalii hupenda kupiga picha. Pujini inataka subira.

Kinacholipa subira hiyo kiko chini. Ndani ya boma kuna ngazi inayoshuka kwenye chumba kidogo chini ya usawa wa ardhi, ambacho wachimbaji wamekiona kuwa mahali pa ibada. Kuta zake zilipigwa lipu ya chokaa, na kwenye lipu hiyo mkono wa fundi uliumba umbo lililoinuka: pembe ndefu iliyopinda, nyembamba mwanzo, pana mwisho. Ni siwa.

Siwa ni baragumu la pembe, mti, pembe ya ndovu au shaba, linalopulizwa ubavuni. Haikuwa chombo cha muziki tu. Ilipulizwa mtawala akisimikwa, ikapulizwa kwenye arusi na jando za watu wakubwa, na mji uliokuwa nayo ulikuwa mji wenye dola. Zilizo mashuhuri ni siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate, ndefu kuliko mtu. Mwinyi Mkuu wa Unguja alikuwa na siwa yake na ngoma zake Dunga, hadi ukoo ulipokwisha mwaka 1873. Aliyetaka kuwaita watu wa nchi nzima alihitaji pumzi ya mtu mmoja na pembe hiyo.

Hapa ndipo swali la London lilipopata jibu. Picha ya Pujini ni tangazo lililopigwa lipu. Inafanya kile ambacho bango lilifanya, kumwonyesha mtazamaji kitu kinachomwita, lakini kwa kinyume. Bango liliwekwa panapopita watu wengi, nalo lilikusudiwa lidumu majuma machache. Siwa hii iliwekwa chini, mahali pa wachache, ikadumu zaidi ya miaka 500. Bango lilikuwa picha ya mchezo uliokuwa ukiendelea ukumbini jirani. Siwa hii ni picha ya sauti, na sauti yenyewe ilikuwa juu, kwenye upepo, ambako kila mtu aliisikia bila kuhitaji kuiona.

Mzee wa kamba, alipoulizwa jioni jinsi watu wa hapa wanavyojua siku ya mchezo wa ng'ombe, alicheka kwanza. Mchezo huo ni wa Pemba, wa miezi ya kaskazi baada ya mavuno, na husemwa kuwa ulianza na Wareno. Kengeja ni mojawapo ya vijiji vinavyoujua sana. Fahali hufungwa kamba ndefu, vijana wakamchokoza kwa kitambaa au kipande cha mkeka, zumari likalia, ngoma zikapigwa, wanawake wakaimba wakiwa na kanga zao bora, na fahali akiamua kukimbilia watazamaji kila mti wa jirani hupata watu. Hauawi. Jioni hurudi zizini.

"Hatutangazi," mzee alisema. "Mwenye ng'ombe anamwambia shemeji yake. Shemeji ana mke. Basi."

Alifikiri, akaongeza kwamba zumari likianza kijiji cha pili, wao huku hulisikia kwa watu kabla ya kulisikia kwa masikio.

Katika hao wanawake wenye kanga kulikuwa na jambo la kutazama. Kanga ina maandishi chini ya picha, herufi kubwa, sentensi fupi, imechapwa kwa rangi, inanunuliwa kwa ajili ya siku ya sikukuu. Mwenye kuivaa hutembea nayo mbele ya anayekusudiwa kuisoma. Kwa sura ni jamaa wa karibu wa lile bango la jiwe na wino, isipokuwa haibandikwi ukutani. Hufungwa kiunoni, nayo ikaenda yenyewe mchezoni. Huenda hakuna jamii iliyoipa karatasi jibu la werevu kiasi hicho.

Siku ya tano ilitumika kurudi tena chini ya ngazi, mara hii bila haraka. Kwa mwanga wa pembeni umbo la siwa linatoka vizuri: mkunjo wa pembe, ukingo wa mdomo mpana. Sehemu zake zimeliwa na unyevu, na pale ambapo mikono ya wageni imepapasa, ukingo umelainika kama sabuni iliyotumika. Mabango ya Drury Lane yamo kwenye droo za makumbusho, giza, baridi ya kupimwa, glavu za pamba. Siwa ya Pujini ina mvua ya masika, mizizi ya miti na heshima ya anayeingia. Mwenye kwenda huko anaombwa ashuke ngazi polepole, atazame kadiri apendavyo, na asiiguse lipu.